Jean Jadot, injinia aliyeipa Likasi jina la zamani

Wazee wa hapa Likasi wakisema Jadotville, vijana wengi wanafikiri Jadot alikuwa mzungu wa mgodi aliyekuja kuchimba shaba. Hapana. Jadot alikuwa mjenzi wa reli na madaraja, na sifa yake aliipatia mbali sana na Katanga.

Alizaliwa mwaka 1862 katika kijiji cha On, Ubelgiji. Alisomea uinjinia Louvain, akafanya kazi ya reli ndogo kwao, halafu akaenda Misri kujenga tramu za mji wa Cairo. Mwaka 1898 akatumwa China kuongoza ujenzi wa reli ya Beijing mpaka Hankou, kilometa zaidi ya 1,200.

Shida kubwa ilikuwa kuvuka Mto wa Manjano. Chini ya mto ule ni mchanga na tope tupu, mwamba hauonekani. Mtu aliyejenga kwenye parseli ya udongo laini anaijua taabu hiyo: ukuta umesimama vizuri, sima ya kutosha, na bado unapasuka, kwani kosa liko kwenye fondasio. Pale mainjinia walitumia nguzo za chuma zenye skrubu chini, zikazungushwa mpaka zikazama ndani ya mchanga. Kisha wakamwaga mawe kuzunguka nguzo ili maji yasile udongo. Daraja likawa na urefu wa kilometa 3 hivi, na waliolijenga walitoa dhamana ya miaka 15. Yaani kazi ya kukagua haikuisha siku ya kufungua, mwaka 1905. Kila mafuriko yalipopita ilibidi kuangalia upya mto umechimba kiasi gani chini ya nguzo, na mawe yakaongezwa. Treni zilivuka polepole sana.

Baada ya China, Jadot aliingia katika banki ya Société Générale. Mwaka 1906 alikuwa kati ya waliounda Union Minière, BCK ya reli na Forminière ya almasi, na mwaka 1913 akawa gavana wa banki hiyo. Ni kwa cheo hicho, si kwa jembe wala kipimo, ndipo mji wetu ulipopewa jina lake mwaka 1931. Wakati huo wazungu walikaa katika mji wao, na wafanyakazi weusi walioyeyusha shaba walikaa mbali nao, kwenye kambi na site. Hakuna mtaa uliopewa cheo kwa jasho lao.

Jadot alikufa mwaka 1932. Mwaka 1958 mafuriko yaliangusha nguzo moja ya lile daraja, likatengenezwa haraka, na mwaka 1960 treni zikahamia daraja jipya. Mwaka 1961 jina Jadotville likasikika duniani kwa sababu ya vita vya askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa. Mwaka 1966 likafutwa, na mji ukarudia kuitwa Likasi.