Shaaban Robert na Kisa cha Ndugu Watatu

Marehemu Sheikh Shaaban Robert twamjua zaidi kwa mashairi. Alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, mwaka 1909. Alisoma Dar es Salaam tangu 1922 hadi 1926, kisha akawa karani wa forodha mpaka 1944. Baadaye alirudi Tanga, ofisi ya wilaya. Mchana kalamu yake ilikuwa ya serikali. Vitabu alivitunga kwa saa zilizosalia.

Msiba ulimbishia hodi mapema. Mkewe, Amina, alifariki akamwachia watoto wadogo. Alimlilia kwa shairi, na watoto akawatungia tenzi mbili za wosia: wa Hati kwa binti, wa Adili kwa mwana. Jina la Adili ndilo pia la shujaa wa Adili na Nduguze, kitabu kilichotoka 1952.

Kitabu hicho nimekisoma tena Port Victoria, bandari ya wavuvi huko Bunyala, Busia. Nilikwenda kwa suluhu ya mirathi. Jamaa yetu aliyelowea huko kwa biashara ya samaki amefariki, na wanawe watatu hawaamkiani kwa ajili ya mashua moja. Mchana nikiwasikiliza, usiku, kwa taa ya chemli, nikisoma.

Msomaji, kisa chenyewe chatia baridi. Adili, liwali mwema, kila usiku huwachapa nyani wawili, kisha huwalilia. Nyani hao ni nduguze, Hasidi na Mwivu. Aliwakunjulia mkono walipofilisika, nao wakamtosa baharini kwa husuda. Jini Huria akamwokoa, akawageuza nyani, akamwamrisha awachape.

Ukatili wa wale wawili haukunistaajabisha. Tangu chuoni twavijua visa vya Kabili na vya nduguze Nabii Yusufu. Kilichoninyima usingizi ni mjeledi kuwa mkononi mwa aliyedhulumiwa. Haki anayo, lakini kila pigo lamuumiza na yeye. Katika wale watatu wa mashua, mwenye haki zaidi ndiye niliyemwona amekonda zaidi.

Asili ya hadithi hii ni Alfu Lela Ulela, na huko mwisho wake ni damu: ndugu wanarudia uovu wao, nao wanauawa. Shaaban Robert hakukubali mwisho huo. Mfalme Rai aliwaombea, nyani wakarudi kuwa watu, wakasamehewa. Wako wasemao kwamba hapo mwandishi alilegea, akaacha kisa kikawa mawaidha. Mimi sioni hivyo. Baba aliyebaki peke yake na mayatima alijua kwamba watoto wakishapoteza mzazi, hazina iliyobaki ni wao kwa wao.

Alifariki mwaka 1962, akazikwa Machui, Tanga. Mwenye kesi ya mirathi na nduguye, na akisome kitabu hicho kabla hajaenda kwa kadhi.