Mwalimu Nyerere: Matumaini ya Mtu Aliyejua Kuachilia



Huku Mbweni na maeneo jirani ya Boko, Bunju na Tegeta, waamini wengi wanaoomba kuombewa siku hizi wana habari zinazofanana. Yupo baba aliyepunguzwa kazini wakati boma la nyumba yake limefika kwenye lenta. Yupo mama aliyechukua mkopo ule ambao watu wameupa jina la kausha damu, na sasa anashtuka kila anaposikia hodi. Yupo kijana mwenye shahada anayeshinda nyumbani mwaka wa tatu. Maneno yao yanatofautiana, lakini swali ni moja: imani inamsaidiaje mtu pale kitu alichokitegemea kinapomponyoka mkononi?

Tumeona vema kulitafakari swali hilo kwa kutazama maisha ya mtu ambaye kila Mtanzania anamfahamu, Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Siasa yake imeandikwa sana, nasi hatuna nia ya kuirudia yote. Tunataka kufuata uzi mmoja tu. Mara kadhaa katika maisha yake Mwalimu alilazimika, au aliamua mwenyewe, kuachilia kitu ambacho wengine wangekishika kwa mikono miwili. Kila mara alisimama tena. Tunaamini kwamba sababu mojawapo ilikuwa imani yake, na kwamba sababu hiyo inaweza kutufaa hata sisi.

Alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki na wa Mama Mugaya, mmoja wa wake wengi wa mtemi. Jina la Kambarage alipewa kwa ajili ya mzimu wa mvua, kwa kuwa mvua ilinyesha sana siku hiyo. Alianza shule akiwa na umri wa miaka 12 hivi, Mwisenge mjini Musoma, kisha akaenda shule ya serikali ya Tabora. Mafundisho ya dini aliyapata akiwa mwanafunzi, lakini hakukimbilia ubatizo. Baba yake alifariki mwaka 1942. Mwaka uliofuata, akiwa tayari mwanafunzi wa Makerere, alibatizwa katika misheni ya Nyegina, siku mbili kabla ya Noeli, akachagua jina la Julius. Alikuwa na miaka 21. Kwa hiyo imani yake haikuwa ya kurithi. Aliijia akiwa mtu mzima, baada ya kufikiri kwa miaka.

Alipomaliza Makerere alirudi Tabora mwaka 1946 kufundisha St. Mary's, shule ya Wamisionari wa Afrika, ingawa kazi ya serikali ilikuwa na maslahi makubwa zaidi. Mwaka 1949 alikwenda Edinburgh kusoma, akarudi mwaka 1952 na shahada ya M.A. Mwezi Januari 1953 alifunga ndoa na Maria Gabriel Magige huko Musoma, kisha wakahamia Pugu, ambako alianza kufundisha historia katika shule ya Mtakatifu Fransisko.

Tukio la kwanza tunalotaka kulitazama kwa makini lilitokea Pugu. Leo barabara iendayo huko inaitwa kwa jina lake, na uwanja wa ndege ulio njiani unaitwa kwa jina lake. Wakati ule alikuwa mwalimu kijana ambaye mwisho wa juma husafiri takribani kilomita 20 mpaka Kariakoo kwa shughuli za chama, na inasimuliwa kwamba mara nyingi alitembea kwa miguu. TANU ilikuwa imezaliwa tarehe 7 Julai 1954, naye akiwa rais wake. Mwezi Machi 1955 alikwenda New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Aliporudi, serikali ya kikoloni ilikuwa imekasirika, na shule ikajikuta imebanwa. Aliambiwa achague kati ya ualimu na siasa.

Ndugu msomaji, tusiipite haraka habari hii kwa sababu tunajua mwisho wake. Mwezi Machi 1955 hakuna aliyejua kwamba uhuru ungekuja baada ya miaka sita. Mwalimu alikuwa na mke, watoto wadogo, na mshahara ambao Waafrika wachache sana wa Tanganyika waliupata. Chama hakikuwa na fedha za kumlipa. Aliacha kazi. Alirudi Butiama na familia yake, akakaa huko miezi kadhaa, na sehemu ya muda huo aliutumia kumfundisha Kizanaki padre mmoja wa shirika la Maryknoll na kusaidia kutafsiri mafundisho ya dini katika lugha hiyo. Yaani mtu aliyepoteza kazi katika shule ya Kanisa hakulichukia Kanisa. Alikaa chini na padre, neno kwa neno, akiwatafutia wazee wa kijijini kwake namna ya kulisikia Neno la Mungu. Huenda huo ndio ushahidi mkubwa wa hali ya moyo wake wakati ule.

Baadaye mwaka huo alirudi Dar es Salaam. Wazee wa mji, wengi wao Waislamu, walimpokea kama mtoto wao. Aliishi Magomeni, katika nyumba ambayo leo ni makumbusho. Mwaka 1958, katika mkutano wa Tabora, aliwashawishi wanachama wakubali kushiriki uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Wengi waliona ni fedheha, na baadhi yao walijitenga na chama. Mwaka huohuo alishtakiwa kwa maandishi yaliyowakosoa maofisa wa serikali, akahukumiwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Wapo waliotamani aende jela ili awe shujaa. Faini ililipwa, kazi ikaendelea.

Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961. Wiki sita tu baadaye, tarehe 22 Januari 1962, Waziri Mkuu huyo alijiuzulu, akamwachia nafasi Rashidi Kawawa, akaenda kuzunguka vijijini kukijenga chama. Watu walishangaa. Cheo alichokitafuta kwa jasho alikiweka chini kama mtu awekaye jembe jioni. Mwisho wa mwaka wananchi walimchagua kuwa Rais.

Sisi tunaotoka Mbweni kwenda mjini hupita kambi ya Lugalo kila siku, pengine bila kukumbuka kilichotokea pale. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964, wakati kambi hiyo ikiitwa Colito, askari waliasi wakidai mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Maduka yaliporwa, watu waliuawa, na Rais akafichwa. Aliyeongoza taifa kwenye uhuru alilazimika kuomba msaada wa jeshi la Uingereza, nchi ileile aliyoshindana nayo. Wanamaji wa Kiingereza walitua tarehe 25 Januari. Mwezi uliofuata aliwaita wenzake wa Afrika wakutane Dar es Salaam, akawaeleza bila kuficha jinsi jambo lile lilivyokuwa la aibu kwake na kwa nchi, akaomba askari wa Kiafrika waje kushika nafasi ya Waingereza. Nigeria ilileta. Kuna watu ambao aibu huwavunja, na wengine huwafanya wakali. Yeye aliisema wazi, kisha akaanza kujenga jeshi jipya.

Nguvu ya kufanya hivyo ilitoka wapi? Hatuwezi kuona ndani ya moyo wa mtu. Tunaweza kutaja tu kile ambacho watu waliona. Waamini wa Oysterbay na Msasani wa miaka ile wanamkumbuka akiwa katika Misa ya asubuhi kwenye kanisa la Mtakatifu Petro, siku za kazi, kabla ya kwenda ofisini. Alifunga. Hakuitumia dini kama ngazi ya kutafutia kura, wala hakuitaka nchi ifuate dini yake. Alikwenda Misani kama mwamini mwingine yeyote, na nchi ikiwa na amani au ikiwa na vita alikwenda vilevile. Hapo tunaona jambo la kujifunza. Mtu hawezi kuanza kuchimba kisima siku ambayo nyumba inaungua. Mazoea ya kusali yaliyojengwa siku za kawaida ndiyo yaliyokuwapo siku ya Lugalo.

Haki inatudai tuseme upande wa pili pia. Chini ya uongozi wake ilitungwa sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila mashtaka, na wapo walioteseka kwa sababu yake. Kati ya mwaka 1973 na 1976 mamilioni ya wananchi walihamishiwa vijijini, wengine kwa nguvu, na mahali pengine nyumba zilichomwa. Shule za misheni zilitaifishwa, Pugu ikiwa mojawapo. Imani haikumzuia kukosea. Lakini miaka ya baadaye alikiri hadharani kwamba kuvunja vyama vya ushirika na serikali za mitaa lilikuwa kosa. Kiongozi anayeachia hata sifa ya kuwa sahihi daima ameachia kitu kigumu kuliko cheo. Kanisa linapochunguza maisha ya Mtumishi wa Mungu hutafuta kama aliziishi fadhila. Kufanya hivyo si kupitisha kila sera yake.

Miaka ya mwisho ya urais ilikuwa migumu. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera. Vita ilikwisha Tanzania ikiwa imeshinda, Kampala ikitekwa tarehe 11 Aprili 1979, lakini hazina ilikuwa tupu. Wazazi wetu wanakumbuka foleni za sukari, sabuni na unga wa njano. Kisha, tarehe 12 Aprili 1984, Waziri Mkuu Edward Sokoine, ambaye wengi walimtazamia kuwa mrithi wake, alifariki katika ajali ya gari mkoani Morogoro. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyelitangazia taifa msiba huo, kwa majonzi ambayo waliomsikia redioni hawajayasahau. Angeweza kutumia msiba na shida za nchi kama sababu ya kuendelea kutawala. Tarehe 5 Novemba 1985 alikabidhi madaraka kwa Ali Hassan Mwinyi.

Alirudi Butiama. Huko, pamoja na kilimo, alishika kazi ambayo wengi wetu hatuitaji vya kutosha: alizigeuza Injili nne na Matendo ya Mitume kuwa tenzi za Kiswahili, vitabu vilivyochapishwa na Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho mwaka 1996. Kijana aliyesaidia kutafsiri mafundisho ya dini kwa Kizanaki mwaka 1955, baada ya kupoteza kazi, sasa alikuwa mzee aliyekwisha kuwa Rais, na kazi ya mikono yake ilikuwa ileile. Vyeo vilikuja na kuondoka katikati ya miaka hiyo 40.

Mwaka 1999, akiwa bado msuluhishi wa mazungumzo ya amani ya Burundi, ugonjwa wa saratani ya damu ulimzidia. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama tarehe 23 Oktoba. Mwaka 2005 Jimbo la Musoma lilianzisha mchakato wa kumtangaza mwenyeheri, ndiyo maana leo tunamwita Mtumishi wa Mungu. Uamuzi ni wa Kanisa, nasi tunausubiri kwa utii.

Turudi sasa kwa baba mwenye boma, mama mwenye deni na kijana mwenye shahada. Hatuwaambii kwamba wakisali mshahara utarudi kesho. Mwalimu alipoacha kazi Pugu, mshahara ule haukurudi. Tunawaambia mambo mawili. Kwanza, anza sasa kusali kwa ratiba, hata kama moyo ni mkavu: rozari ya usiku na familia, jumuiya ndogondogo kila wiki, Misa ya alfajiri siku moja ya kazi ukiweza. Pili, usijifiche. Mwalimu aliisema aibu yake mbele ya wenzake, msaada ukaja. Mama anayejificha na deni lake peke yake analibeba mara mbili. Akiwaambia viongozi wa jumuiya, au mtu mmoja anayemwamini, ataweza kukaa nao chini, kulihesabu na kupanga namna ya kulilipa kidogo kidogo.

Tumwombe Mungu atujalie matumaini hayo, na tuwaombee wote waliopoteza kazi, nyumba au wapendwa wao mwaka huu. Parokia zetu nyingi zina Misa ya asubuhi na mapema, kabla daladala hazijajaa. Karibuni.