Tom Mboya alikosa karo, kisha akasomesha mamia

Kama umewahi kupanda namba 8 kutoka Kibera hadi tao, jina lake umelikanyaga. Barabara ya Tom Mboya: matatu, mitumba, wahubiri na makanga wanaokuvuta mkono. Ukivuka hadi Moi Avenue utamkuta mwenyewe amesimama, sanamu iliyozinduliwa 2011. Vijana hukutana pale, wanapiga selfi, wanaenda zao. Mimi pia nimefanya hivyo mara nyingi bila hata kujiuliza huyu jamaa alifanya nini.

Leo nataka kukupa stori yake. Nakuandikia wewe wa Sarang'ombe, wewe wa Kawangware, uliyemaliza kidato cha nne na sasa uko nyumbani na cheti ndani ya bahasha ya kaki. Alama unazo. Jioni unafundisha watoto wa jirani hesabu, Jumamosi uko na wenzako mnazibua mitaro. Lakini karo ya chuo haipo, na kila ofisi unayoingia unaambiwa urudi wiki ijayo. Naijua hiyo hali. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu hiyo hiyo, kwa hivyo usidhani nakuhubiria nikiwa nimekaa pazuri.

Haya, tuanze.

Thomas Joseph Odhiambo Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo, karibu na Thika. Usidhani ni kwao. Kwao ni kisiwa cha Rusinga, Ziwa Victoria. Babake, Leonardus Ndiege, alikuwa nyapara kwenye shamba la mkonge la mzungu, na mamake, Marcella Awuor, aliishi naye palepale shambani. Yaani alianza maisha kama watoto wengi wa mtaani kwetu: mbali na kwao, katika nyumba ya mwajiri, mzazi akitegemea mshahara mdogo wa mwisho wa mwezi.

Alisomea shule za misheni. Alipita Kabaa kule Ukambani, akaenda St. Mary's Yala, kisha akaingia Mang'u. Alikuwa mkali darasani na kwenye midahalo. Lakini pesa ziliisha. Mshahara wa baba haungeweza kumfikisha mbali zaidi, na wadogo zake nao walihitaji shule. Hapo 1947 akatoka Mang'u bila kuendelea na masomo aliyoyataka.

Simama hapo kidogo. Huyu ndiye mtu ambaye leo jina lake liko kwenye barabara, shule na chuo kikuu. Akiwa na miaka 17 alikuwa amekwama pale ulipokwama wewe.

Alichofanya ni kutafuta chuo ambacho hakingemdai pesa asizokuwa nazo. Akajiunga na mafunzo ya wakaguzi wa afya, akasomea Jeanes School, Kabete, na wenzake wakamchagua kuwaongoza. Mwanzoni mwa miaka ya 50 akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Kazi yenyewe: kukagua vyoo, mitaro, maziwa na vyakula. Ndiyo, Mboya wa suti kali alianza kwa kukagua mitaro ya Nairobi.

Kazini aliona mambo mawili. La kwanza, wakaguzi wazungu walilipwa pesa nyingi kuliko Waafrika kwa kazi ile ile. La pili, alikuwa haonekani. Alisimulia baadaye kwamba siku moja mama mmoja mzungu aliingia ofisini akiwa na chupa ya maziwa ya kupimwa, akatazama huku na huku, akauliza kama hakuna mtu, na Mboya amesimama mbele yake. Mboya akamuuliza kama macho yake yana shida. Mama akakasirika, akaenda kushtaki.

Wengine wangeishia kunung'unika kwenye chai ya saa nne. Yeye aliingia kwenye chama cha wafanyakazi Waafrika wa baraza, akachaguliwa kukiongoza, akakigeuza kuwa chama halisi cha kutetea wafanyakazi. Usiku alisoma kwa njia ya posta. Kufikia 1953, akiwa na miaka 23, alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini. Huo ulikuwa wakati wa hali ya hatari, viongozi wengi wakiwa wamefungwa na polisi wakifagia mitaa ya Nairobi. Mwaka 1955 makuli wa bandari ya Mombasa walipogoma, ni yeye aliyeenda kusuluhisha, na wakapata nyongeza.

Sasa sikiza vizuri, maana hapa ndipo habari ya ufadhili inaingia. Baada ya miaka hiyo ya kusimama na wengine, yeye mwenyewe akashikwa mkono. Alipata ufadhili wa mwaka mmoja katika chuo cha Ruskin, Oxford, Uingereza, mwaka 1955. Hakurudi na digrii, wala hakuwahi kupata digrii ya kusomea. Alirudi na vitu viwili: elimu ya mambo ya kazi na siasa, na watu aliofahamiana nao. Mwaka 1956 alizuru Marekani, na huko akakutana na mfanyabiashara aitwaye William Scheinman. Wakawa marafiki, wakaanza kusaidia wanafunzi wachache kwenda kusoma.

Mwaka 1957, Waafrika walipopiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria, Mboya aligombea kiti cha Nairobi. Mpinzani wake mkuu alikuwa Argwings-Kodhek, wakili aliyesomea Uingereza. Aliyekuwa mkaguzi wa vyoo akamshinda wakili. Alikuwa na miaka 26.

Uhuru ukawa unanukia, lakini kulikuwa na shimo kubwa. Nani angeendesha nchi? Chuo kikuu cha kutegemewa Afrika Mashariki kilikuwa Makerere, na nafasi zake zilikuwa chache sana. Mkoloni hakuwa na haraka. Maelfu ya vijana waliopita mtihani walikuwa nyumbani, kama wewe.

Mboya akaenda Marekani tena 1959. Alizunguka vyuo na kumbi akihutubia na kuomba nafasi za masomo. Vyuo vikatoa nafasi, lakini nauli ilikuwa mlima. Scheinman na wenzake wakaunda wakfu wa kusaidia wanafunzi wa Kiafrika, Cora Weiss akaendesha ofisi yake New York. Jackie Robinson, mchezaji wa besiboli, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier wakatia sahihi barua ya kuomba michango. Septemba 1959 ndege ya kukodi ikaondoka Nairobi na wanafunzi 81.

Watu huisimulia safari hiyo kana kwamba Mboya aligawa tiketi kama njugu. Haikuwa hivyo. Mwanafunzi alitakiwa kwanza awe amekubaliwa na chuo na awe na msaada wa karo. Yaani mtu alikaa kijijini, akaandika barua kwa mkono kwenda chuo asichokijua, akangoja miezi. Kisha Mboya na wenzake, Gikonyo Kiano na Kariuki Njiiri, wakapitia majina. Pesa za matumizi zilitoka nyumbani. Wazazi waliuza ng'ombe, makanisa na majirani wakafanya karamu za chai za mchango. Jirani hachangii mtoto asiyemjua. Waliochangiwa ni wale ambao mtaa ulikuwa umewaona wakifundisha wenzao, wakiimba kwaya, wakiandikia wazee barua.

Serikali ya kikoloni haikufurahi. Iliviponda vyuo vya Marekani kuwa hafifu, ikisema wanafunzi watapotea huko. Wapinzani wa Mboya nao walinung'unika kwamba anajijengea jina na kuchagua watu wake. Oginga Odinga, hasimu wake wa kisiasa, alikuwa akipeleka vijana Urusi na nchi za Mashariki. Ndiyo, kulikuwa na siasa ndani yake, nisikufiche. Ila waliopanda ndege walisoma.

Mwaka 1960 pesa zilipungua tena. Julai, Mboya alimtembelea John F. Kennedy, aliyekuwa akigombea urais wa Marekani, nyumbani kwake Hyannis Port. Wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Ndege zikaruka tena, safari hii zikiwa na vijana wa nchi jirani pia. Kufikia 1963 karibu wanafunzi 800 walikuwa wamenufaika. Na hawakuachwa wajitegemee kabisa: ofisi ya New York iliendelea kuwafuatilia waliokwama na pesa ama masomo. Hiyo ndiyo sehemu tunayoisahau tukiongea juu ya ufadhili. Karo pekee haitoshi. Mtoto aliyetoka Gatwekera akiingia chuo ambako hamna mtu wa nyumbani kwao aliyewahi kufika, anahitaji mtu wa kumpigia simu akianza kuzama. Mimi sikuwa naye, na niliona aibu kumtafuta.

Mtaani utaambiwa babake Barack Obama alipanda ndege ile ya 1959. Si kweli, alienda Hawaii mwaka huo kwa njia yake. Lakini Wangari Maathai ni wa kundi la 1960. Alitoka Loreto Limuru akaenda chuo kidogo Kansas, akasomea baiolojia. Alirudi, akaanzisha Green Belt Movement 1977, na 2004 akapata Tuzo ya Nobel ya Amani. Wengine wengi hukuwahi kuwasikia. Walirudi wakawa walimu, madaktari, wahadhiri na maafisa wa serikali changa.

Mboya mwenyewe alikuwa katibu mkuu wa Kanu tangu 1960, akawa waziri wa kazi, wa sheria, kisha wa mipango ya uchumi. Mwaka 1962 alimwoa Pamela Odede, ambaye naye alisomea Marekani. Walikaa Convent Drive, Lavington. Ukiwa Kawangware ni mwendo wa miguu tu.

Jumamosi tarehe 5 Julai 1969 aliingia duka la dawa la Chhani, Government Road, ambayo leo ni Moi Avenue. Alipotoka alipigwa risasi, akafa. Alikuwa na miaka 38, hajafika hata siku yake ya kuzaliwa ya Agosti. Njenga Njoroge alipatikana na hatia na akanyongwa mwaka huo huo, lakini swali la nani alimtuma halijajibiwa hadi leo. Amezikwa Rusinga. Nchi ilipasuka kikabila baada ya kifo chake, na nyufa hizo hata Kibera tunazijua, hasa msimu wa kura.

Sasa wewe. Mboya hayuko, na hakuna ndege inayokungoja. Basari ya wadi ipo, ya eneobunge ipo, HELB ipo, na wafadhili wengine wapo. Ushindani ni mkali na wakati mwingine mchezo si safi, wewe wajua. Lakini ukiangalia wale 81, kuna mambo waliyoyafanya kabla mtu yeyote hajawapa senti. Waliomba chuo kwanza. Walijulikana kwao kwa kazi, si kwa maneno. Na walikubali kusaidiwa bila kuona haya.

Kwa hivyo yale masomo ya jioni unayowapa watoto, yaandike: ulianza lini, watoto wangapi, wapi. Mwombe mwalimu wako barua angali anakukumbuka. Mtafute mtu mmoja aliyepita chuo, hata kama ni wa ploti ya pili, umwombe akusomee fomu kabla hujaipeleka. Ukikataliwa, uliza sababu, uombe tena.

Mimi yangu niliijaza upya wiki jana. Aliyenisomea ni dada mmoja wa Olympic, mwalimu. Alipata makosa manne.