Hayati Mathias Mnyampala, Mtunza Habari za Ugogo

Katika kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu chetu yatupasa kuwakumbuka waliotutangulia. Wale wa vijijini, walioanzisha vyama vya msingi na kupima mazao katika magulio ya kwanza, kila chama kinawajua chenyewe na makaburi yao tunayapita tuendapo shamba. Hapa twapenda kumkumbuka mtu mmoja ambaye jina lake lilivuka mipaka ya Ugogo, naye ni hayati Mathias Mnyampala, mwalimu, hakimu, mwanahistoria na mshairi. Hakuwa ofisa wa ushirika. Lakini kazi aliyoifanya maishani mwake ndiyo hii tunayojaribu kuifanya leo kwa kijitabu hiki, yaani kuyaweka majina na matendo ya watu katika maandishi kabla hayajasahauliwa.

Alizaliwa mwaka 1917 katika kitongoji cha Muntundya, Ihumwa, upande wa mashariki wa Dodoma. Msafiri wa siku hizi aendaye Morogoro huipita Ihumwa upesi, na mbele kidogo huona majengo ya Mji wa Serikali pale Mtumba. Wakati ule palikuwa na matembe, mifugo, mashamba ya mtama na uwele, na reli ambayo ilikuwa imefika Dodoma miaka michache tu kabla, mwaka 1910.

Mwaka huo wa kuzaliwa kwake ulikuwa mwaka mbaya sana. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imepita katika nchi hii, na majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua nafaka katika vihenge vya watu, yakachukua ng'ombe, yakachukua na vijana wenye nguvu kuwa wapagazi. Kisha mvua ikakosekana. Njaa iliyofuata, iliyodumu hata mwaka 1920, Wagogo waliiita Mtunya, na wazee wetu waliitumia kuhesabia miaka. Wanahistoria wanakadiria kwamba katika wilaya ya Dodoma alikufa kiasi cha mtu mmoja katika kila watano. Mkulima wa nchi hii, ambayo hupata mvua ya milimita 500 au 600 kwa mwaka, na pengine chini ya hapo, hahitaji kuelezwa zaidi. Twaitaja njaa hii kwa sababu moja. Watu wengi wanapokufa kwa pamoja, na hasa wazee, hufa na habari zao. Mtoto aliyezaliwa katika Mtunya alikulia katika nchi iliyopungukiwa na wasimulizi, nasi hatushangai kwamba baadaye aliwatafuta wale waliosalia.

Mnyampala alikuwa Mkristo wa Kanisa Katoliki, na elimu yake aliipata kwa wamisionari. Lugha ya mama yake ilikuwa Kigogo, Kiswahili alijifunza. Jambo hili lafaa kukumbukwa, kwani baadaye watu wa pwani wenyewe, ambao hawakuwa wepesi kumsifu mtu wa bara kwa ushairi, walimhesabu miongoni mwa mafundi wa lugha hiyo. Alifanya kazi ya ualimu, kisha ukarani, na hatimaye akawa liwali na hakimu. (Jina lake lenyewe linafanana na neno mnyapara, msimamizi wa kazi, na kwa kweli nusu ya maisha yake aliitumia katika kusimamia mambo ya watu.)

Mwaka 1954 ndipo kilipotoka kitabu chake kikubwa, Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika. Ni mwaka ule ule ambao TANU ilianzishwa, tarehe 7 Julai, na ambao Sheikh Kaluta Amri Abedi alitoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi. Kabla ya hapo habari za Ugogo zilizoandikwa zilikuwa nyingi za wageni: wasafiri wa misafara ambao walilalamikia hongo walizotozwa na watemi wetu, wamisionari, na maofisa wa serikali za kikoloni. Hata jina lenyewe la Wagogo husemekana tulipewa na watu wa misafara, kwa ajili ya magogo. Mnyampala aliuliza habari kwa wenyeji. Alieleza asili ya koo, ambazo nyingi zilitoka pande mbalimbali, hii Uhehe, ile Unyamwezi, nyingine Ukaguru. Akaeleza tawala za watemi, waliokuwa na dhamana ya ardhi na ya mvua. Akaeleza pia desturi za watu katika maisha yao.

Mwanahistoria wa baadaye, alipokifasiri kitabu hicho kwa Kiingereza na kukitoa mwaka 1995, alieleza kwamba Mnyampala hakuikusanya tu historia ya Wagogo bali kwa namna fulani aliiunda, kwa kuwa alichukua habari za koo nyingi, kila moja na safari yake na mtemi wake, akazifanya habari za watu wamoja. Sisi hatuoni kwamba hilo ni kosa la kumlaumia, ingawa ni kweli kwamba mwenye kuunganisha hulazimika kupunguza hapa na pale. Anayejua jinsi vyama vya msingi, kila kimoja na wazee wake na magomvi yake ya mipaka, vinavyokubali kuwa chini ya Chama Kikuu kimoja, atamwelewa. Zaidi ya hayo, wengi wa wazee wa kizazi kile walikwisha kufa katika miaka iliyofuata, na mwaka 1963 utawala wa watemi ulikomeshwa kwa sheria. Kama asingeandika wakati ule, sehemu kubwa ya habari hizo isingepata wa kuisimulia.

Vitabu vyake vingine twaweza kuvitaja kwa haraka. Mwaka 1961 kilitoka Kisa cha Mrina Asali na Wenzake Wawili. Mwaka 1963 ikatoka Diwani ya Mnyampala, na mwaka 1965 Waadhi wa Ushairi. Aliigeuza pia Injili kuwa utenzi, na Zaburi vivyo hivyo, jambo linaloonyesha jinsi alivyouamini ushairi: aliona kwamba neno zito hukaa vizuri zaidi katika kumbukumbu likiwa na vina na mizani. Kwa watu ambao wengi wao hawakujua kusoma, hilo halikuwa pambo tu.

Chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi, UKUTA, kilianzishwa mwaka 1959, na Sheikh Amri Abedi alikuwa kiongozi wake wa mwanzo. Sheikh Amri alifariki mwaka 1964, naye Mnyampala akafika kuwa mwenyekiti. Lilipotangazwa Azimio la Arusha, Februari 1967, Mwalimu Nyerere aliwaomba washairi walifikishe kwa wananchi kwa lugha wanayoielewa. Ndipo Mnyampala alipoishughulikia ngonjera, shairi la kujibizana kati ya watu wawili au zaidi, ambamo mmoja hupinga au hajui, mwingine humweleza, na mwisho hupatana. Wengi humtaja kuwa ndiye mwasisi wa namna hii ya utungaji.

Hapa twapenda kutoa maoni yetu wenyewe. Husemwa kwamba ngonjera ni siasa iliyovikwa vina, na wahakiki wameandika kwamba watu wake hawana uhai, kwa kuwa mwisho wake hujulikana tangu mwanzo. Ngonjera nyingi tulizozisikia katika sherehe, ambazo kazi yake yote ni kumsifu mgeni rasmi, zastahili lawama hiyo. Lakini tukumbuke kwamba mtunzi huyu alikuwa hakimu. Miaka mingi aliketi barazani akiwasikiliza watu wawili wakibishana, huyu ana neno lake na yule ana lake. Sisi twaona kwamba ngonjera yake inatokana na baraza kuliko jukwaa: kila upande hupewa nafasi ya kusema mpaka amalize, bila kukatizwa. Katika mikutano yetu mikuu tumeshuhudia mara nyingi ubishi juu ya bei ya zabibu au ya alizeti ambao ungefaa sana kupata utaratibu huo.

Na ngonjera imeishi kuliko siasa iliyoibeba. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa na Serikali mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria mwaka 1982. Vijiji vya ujamaa navyo vilipita. Lakini watoto wa shule zetu wangali wakisimama katika safu mbili na kujibizana kwa vina, pengine bila mwalimu wao kujua kwamba mtunzi aliyeieneza alizaliwa Ihumwa.

Mnyampala alifariki mwezi wa Juni 1969, akiwa na miaka 51. Ngonjera za UKUTA, kitabu cha kwanza, zilitoka mwaka 1970 na cha pili mwaka 1971, mwenyewe asivione. Dodoma ilipoamuliwa kuwa makao makuu ya nchi, mwaka 1973, alikuwa kaburini mwaka wa nne. Aliacha pia miswada ambayo haikupata mchapishaji, ukiwamo wa maisha yake mwenyewe aliouita Maisha ni Kugharimia, na huo ulikaa zaidi ya miaka 40 ukiwa karatasi tu, hata ulipochapishwa mwaka 2013.