Mwenda Jean Bosco: Vidole viwili vilivyovuka mipaka

Miaka ya 1950, bidhaa moja iliyovuka mipaka ya eneo hili bila kelele ilikuwa santuri. Zilizopendwa sana ni pamoja na za Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa Katanga aliyeimba kwa Kiswahili.

Alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, mji wa Bayeke. Wazee wa Bayeke walitoka Unyamwezi, Tanzania ya leo, katika karne ya 19 wakifuata biashara ya shaba na pembe za ndovu. Mwenda, basi, alikuwa mtoto wa wasafiri kabla hajasafiri.

Nyimbo za kwao ndizo zilizomlea. Alipofika Jadotville, ambayo sasa ni Likasi, masikio yake yakapata kazi mpya. Machimbo yalikuwa yamewavuta watu wa Kasai, Rwanda, Burundi na Zambia ya leo, na kila mmoja alikuja na ngoma yake. Mjini zilisikika pia santuri za rumba kutoka Kuba. Mwenda hakuchagua moja na kuzitupa nyingine. Alizikusanya zote kwenye gitaa moja, kwa vidole viwili: gumba likishika besi, kidole cha shahada kikicheza sauti ya juu.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi muziki wa wenyeji, alimkuta akipiga gitaa barabarani, akamrekodi. Kibao cha Masanga kikamfanya ajulikane mbali na kwao. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1950 alifika Nairobi, akapiga redioni katika matangazo ya vidonge vya Aspro. Vijana wengi wa Kenya waliigiza vidole vyake.

Kisha mambo yakageuka. Bendi za magitaa ya umeme zilitawala, na mtu mmoja na gitaa kavu akaonekana wa zamani. Mwenda hakununa. Aliongoza bendi na kupiga muziki wa wakati huo. Riziki nyingine aliitafuta ofisini, katika benki na kampuni ya madini, na akawa na hoteli karibu na mpaka wa Zambia.

Lakini mtindo wa zamani hakuuacha. Mwaka 1969 alialikwa Marekani, kwenye tamasha la Newport. Mwaka 1988, akikaribia miaka 60, aliingia studio mjini Cape Town na kurekodi tena nyimbo zake za ujana. Kujifunza mapya hakukumfukuza kwenye yale ya kwanza.

Alifariki Septemba 1990 katika ajali ya gari nchini Zambia, ng'ambo ya mpaka aliouzoea. Hadi leo, mpiga gitaa anayetaka kuujua mtindo wa Katanga huanza na Masanga, na hugundua mapema kwamba vidole viwili si kazi ndogo.