Josephine Baker, Mama wa Watoto 12

Jina la Josephine Baker linapotajwa madarasani, aghalabu hutajwa kwa ajili ya mambo mawili: uchezaji wake katika kumbi za Paris na ujasiri wake wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Sehemu ya tatu ya maisha yake, ile ya ulezi, huachwa pembeni. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo yenye mafunzo mengi zaidi kwa walimu na wanafunzi, maadamu inahusu swali ambalo halijapata jibu la mwisho: mtu amchukuapo mtoto kutoka nchi ya mbali na kumtia nyumbani mwake, humchukua kwa faida ya nani?

Bibi huyu alizaliwa tarehe 3 Juni 1906 mjini St. Louis, katika jimbo la Missouri, Marekani. Alizaliwa katika ufukara. Angali mdogo alipelekwa kutumika katika nyumba za Wazungu. Mwaka wa 1917, alipokuwa na umri wa miaka 11, watu weusi waliuawa na nyumba zao kuteketezwa katika mji jirani wa East St. Louis, ng'ambo ya mto Mississippi. Mambo hayo hayakumtoka moyoni maisha yake yote. Mwaka wa 1925 alivuka bahari akaenda Paris, na baada ya muda mfupi akawa miongoni mwa wasanii mashuhuri kabisa barani Ulaya. Alipata uraia wa Ufaransa mwaka wa 1937. Vita vilipozuka aliwatumikia Wafaransa waliompinga Hitler kwa kusafirisha habari za siri katika ziara zake za kisanii, na baadaye akatunukiwa nishani kadha.

Hata hivyo, vita hivyo vilimwachia jeraha lisiloonekana. Ugonjwa mkali uliompata Casablanca ulimwondolea uwezo wa kuzaa. Mwaka wa 1947 aliolewa na Jo Bouillon, kiongozi wa bendi, wakafanya makao yao katika kasri la Les Milandes, eneo la Dordogne, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Walikusudia kuasili watoto wanne. Mwaka wa 1954 Josephine alisafiri hadi Japani akarudi na wavulana wawili. Baada ya hapo hakuzuilika. Walifuata watoto wenye asili za Finland, Kolombia, Ufaransa, Aljeria, Kodivaa, Venezuela na Moroko. Kufikia mwaka wa 1964 walikuwa 12, wavulana 10 na wasichana 2. Mwenyewe aliwaita Kabila la Upinde wa Mvua.

Nia yake ilikuwa njema, na hatuna budi kuikiri. Alitaka kuthibitisha kwamba watu wa kila rangi na kila dini waweza kuishi chini ya paa moja kama ndugu wa tumbo moja. Huyu ndiye mwanamke ambaye, mwezi wa Agosti 1963, alisimama mbele ya umati mkubwa mjini Washington akiwa amevaa sare yake ya jeshi la Ufaransa, ili kudai haki za watu weusi wa Marekani.

Lakini nia njema ya mzazi si lazima iwe ndiyo haja ya mtoto. Kasri la Les Milandes liligeuzwa kuwa mahali pa utalii, likawa na hoteli na jumba la sanamu za nta. Watu walilipa kiingilio wakaja, na miongoni mwa vitu walivyotazama ni watoto wale wakicheza. Kila mmoja alipangiwa dini kulingana na asili aliyohesabiwa kuwa nayo, naye akatakiwa kuwa mfano wa taifa ambalo hakulikumbuka. Mama yao alikuwa safarini mara nyingi akitafuta fedha, huku malezi ya kila siku yakiachiwa baba na watumishi.

Kama mwanaisimu, hapa nakuta jambo la kutafakari. Mtoto wa Kijapani au wa Kifini aliyefika Dordogne alilelewa kwa Kifaransa. Utafiti uliofanyika Ufaransa na kuchapishwa mwaka wa 2003 uliwapima watu wazima waliotolewa Korea wakiwa watoto, ukaona kwamba hawakuweza kukitambua Kikorea miongoni mwa lugha nyingine. Utafiti mwingine, uliofanyika Montreal na kuchapishwa mwaka wa 2014, uliwachunguza wasichana waliotolewa China wangali wachanga. Hawakujua neno la Kichina, ila ubongo wao uliitikia toni za lugha hiyo kama ubongo wa wanaoizungumza. Basi mtoto anayevuka mipaka haji mikono mitupu. Huja na kitu asichoweza kukieleza, na mlezi anapaswa kukiheshimu bila ya kukifanya tamasha.

Mwisho wa kasri ulikuwa mchungu. Bouillon alikwisha ondoka, akahamia Ajentina. Madeni yalirundikana, kasri likauzwa, na mwaka wa 1969 Josephine akatolewa humo kwa nguvu. Grace, mke wa mtawala wa Monaco, alimsaidia kupata nyumba huko Roquebrune. Alifariki Paris tarehe 12 Aprili 1975, siku chache baada ya kuanza onyesho jipya, akiwa na umri wa miaka 68. Tarehe 30 Novemba 2021 Ufaransa ilimwingiza katika Panthéon, mwanamke mweusi wa kwanza kupewa heshima hiyo. Watoto wake walipokuwa watu wazima hawakuwa na kauli moja juu yake: yupo aliyelalamikia kuonyeshwa kwa wageni, na wapo walioshukuru kwa kupata ndugu.

Zama zake hazikuwa na mkataba wa kimataifa wa kumlinda mtoto wa namna hiyo. Mkataba wa The Hague ulipatikana mwaka wa 1993, nao unataka familia itafutwe kwanza katika nchi ya mtoto mwenyewe. Kenya nayo ilisimamisha mwaka wa 2014 uasili wa watoto wake na wageni, kwa kuhofia biashara haramu ya watoto. Sheria hizo zafaa, lakini haziingii ndani ya nyumba usiku mtoto anapoamka akilia. Humo anahitaji mtu aliyepo, wala hahitaji kujua kwamba anawakilisha bara lolote. Josephine Baker aliwapa watoto 12 jina, chakula na upendo wa kweli. Lililopungua ni uhuru wa kuwa watoto tu, na mwalimu aliye na mwanafunzi wa kuasiliwa darasani mwake anaweza kumpa uhuru huo bila ya gharama yoyote.