MARCO PANTANI: Kilo 57 zilizowatoa jasho vigogo milimani

Wadau, leo tuache kandanda kidogo tuongelee baiskeli. Kama unafuatilia mchezo huu lazima umesikia jina la Marco Pantani, Mtaliano aliyefariki mwaka 2004. Kama hujamsikia vuta kiti, maana stori ya huyu jamaa ina utamu na uchungu kwa pamoja.

Alizaliwa tarehe 13 Januari 1970 mjini Cesena, akakulia Cesenatico, mji wa pwani ambao ni tambarare tupu. Cha ajabu, huko ndiko alikotoka mpanda milima hatari kuliko wote wa enzi zake! Babu yake alimnunulia baiskeli ya mashindano, basi dogo akawa kila siku anaiacha bahari nyuma na kwenda kutafuta vilima.

Urefu wake ulikuwa mita 1.72 na uzito kama kilo 57 hivi. Masikio nayo makubwa, watu wakambatiza jina la Tembo Mdogo. Hakulipenda. Akanyoa upara, akafunga kitambaa kichwani na kuvaa hereni, wakaanza kumwita Haramia.

Sasa kwa nini kilo 57 ziwe mtaji? Jamani, yeyote aliyewahi kumpakia mtu kwenye keria anajua. Kwenye tambarare unakwenda tu, stori zinaendelea. Ukifika kwenye mwinuko unamwambia ashuke. Tambarare adui yako ni upepo, na mtu mkubwa mwenye misuli anaupasua vizuri tu. Mlimani adui ni uzito, kwa sababu kila kilo uliyo nayo inabidi uinyanyue wewe mwenyewe mpaka juu.

Chukua mlima wa Alpe d'Huez kule Ufaransa. Ni kilomita 13.8, kona 21, na unapanda zaidi ya mita 1,000 kwenda juu. Nimepiga hesabu kwa fizikia ile ile ya sekondari: mtu na baiskeli yake wakiwa na kilo 70, ukiwaongezea kilo moja tu bila kuongeza nguvu, bingwa atachelewa karibu nusu dakika. Kilo moja! Sasa fikiria Pantani alikuwa akishindana na Miguel Indurain wa Hispania, mtu wa kilo 80.

Lakini msikimbilie kuacha kula. Ingekuwa wembamba peke yake, mbona mitaani kwetu tungekuwa na mabingwa wengi! Indurain na kilo zake 80 alichukua Tour de France mara 5 mfululizo, 1991 mpaka 1995, maana kifua chake na moyo wake vilikuwa injini ya lori. Kinachoangaliwa mlimani ni nguvu zako ukizigawa kwa kilo zako. Mwepesi asiye na pumzi anaachwa, na mwenye nguvu aliyenenepa anaachwa pia.

Pantani alikuwa na vyote viwili. Mwaka 1994 alishika nafasi ya pili kwenye Giro d'Italia, mbele ya Indurain aliyekuwa wa tatu, kisha akawa wa tatu kwenye Tour de France. Oktoba 1995 akagongana na gari katikati ya mashindano, mguu ukavunjika vibaya. Wengi walijua kwisha habari yake. Mwaka 1997 akarudi akaipanda Alpe d'Huez kwa dakika 37 na ushei!

Halafu ikaja 1998. Akachukua Giro, akaenda Tour. Kwenye mbio za kupambana na saa, Mjerumani Jan Ullrich, mtu mzito zaidi yake na mwenye nguvu nyingi, alimwacha zaidi ya dakika 4. Tarehe 27 Julai wakafika mlima Galibier, mvua na baridi kali. Pantani akachomoka. Ullrich akabaki anahangaika, akamaliza karibu dakika 9 nyuma. Fulana ya njano ikahama siku hiyo hiyo. Giro na Tour mwaka mmoja! Hakuna aliyerudia mpaka Tadej Pogačar mwaka 2024.

Sasa uchungu. Tarehe 5 Juni 1999, akiongoza Giro na zimebaki siku mbili, walimpima damu. Chembe nyekundu zilikuwa asilimia 52 wakati mwisho ulioruhusiwa ni 50. Chembe hizo ndizo zinazobeba oksijeni kwenda kwenye misuli, na kulikuwa na dawa iitwayo EPO inayoziongeza. Akatolewa mashindanoni. Yeye alikana, lakini moyo ulivunjika. Mwaka 2000 alishinda tena siku mbili za milimani kwenye Tour, ila hakuwa yule yule. Akazama kwenye kokeini, na tarehe 14 Februari 2004 alikutwa amekufa peke yake hotelini Rimini. Miaka 34 tu.

Mwaka 2013 ripoti ya Seneti ya Ufaransa ilionyesha kwamba sampuli zake za Tour ya 1998 zilikuwa na EPO. Majina mengine makubwa ya enzi hizo yalikuwemo pia, Ullrich akiwa mmoja wao.

Mimi naona hivi: wepesi wake ulikuwa halali, Mungu alimpa. Mazoezi aliyafanya kweli, dawa haikupandishi mlima ukiwa umelala. Lakini pumzi yake, ipi ilikuwa yake na ipi ya kwenye sindano? Hakuna anayeweza kuzitenganisha tena, na hilo ndilo alilojiibia mwenyewe. Kijana unayependa baiskeli, kilo zipunguze taratibu, mlima uupande mara nyingi, basi. Utachelewa kufika juu, ila ukifika utajua ni wewe uliyefika.

Haya wadau, Pantani bado ni bingwa au tumfute? Mwageni maoni hapo chini.